Mgahawa wa mabasi njia ya Tanga: wali nyota 4, chumba cha sala cha wanawake nyota 1

Jina silitaji, ila wa Dar–Tanga mtakua mnaijua hii sehemu, basi linasimama mchana konda anatangaza dakika ishirini. Chakula niseme ukweli wako vizuri, wali wa nazi umechambuka, samaki katoka kwenye mafuta saivi saivi, na wanahudumia chapchap. Shida yangu sio jikoni.

Shida ni sala. Nilikua na mama mkwe, magoti yanamsumbua, tukasema tukusanye Adhuhuri na Alasiri palepale, rakaa mbili mbili, tumalize. Wanaume wana msikiti mzuri kweli, zulia nene, feni nne, bomba za udhu zina vigae na viti vya kukalia. Nikamuuliza kijana wa kaunta, kaka wanawake tunaswalia wapi, akasema dada zungukeni nyuma ya jiko, ufunguo anao mlinzi. Mlinzi kaenda kula! Dakika saba zimekufa hapo.

Kufunguliwa, stoo. Kreti za soda mpaka karibu na dari, gunia la mkaa, mkeka mmoja wa plastiki wa watu watatu wakibanana na sisi tuko wanane, afu mshale wa kibla umechorwa kwa chaki kwenye ubao wa mlango, yani mlango ukifunguka na kibla nacho kinahama. Bomba hakuna, uende kule kwa wanaume ufunue kichwa upake maji na mikono ukunje mpaka viwiko huku makonda wanapita. Mama mkwe katawadha kwa chupa ya maji ya kunywa nimemkingia kanga, mzee wa watu anatetemeka huku anacheka.

Nikalalamika, baba mmoja pembeni akanijibu sala ya mwanamke bora nyumbani. Sawa baba, hadithi ipo, ila hiyohiyo inaanza na msiwazuie wanawake wenu misikiti, mbona mnaishika mkia tu? Na hiyo nyumba yenyewe ndo nimeifata Tanga, kilomita kibao mbele. Msikiti wa Mtume kule Madina mpaka leo una mlango unaitwa Babu Nisaa, mlango wa wanawake, sisi hapa tumepewa mlango wa stoo. Nauli nimelipa sawa na huyo baba, sahani ya wali bei moja, chooni nimelipa pia. Rais wa nchi hii tangu Machi 2021 ni mwanamke wa Kizanzibari na mtandio wake kichwani, hivi akishuka hapo na yeye mtamzungusha kwenye mkaa?

Na msiniambie hela hakuna, mbele pale wanamwaga zege la sehemu mpya ya kuoshea magari. Nishasimama kituo kimoja cha mafuta huko njiani, wana kachumba kadogo tu ka wanawake, pazia safi, bomba ndani, mikeka minne, na khanga za kuazima zimetundikwa kwenye misumari. Hakijawagharimu ghorofa.

Honi imepigwa tuko tahiyatu ya Alasiri. Mama mkwe kapanda basi viatu mkononi, na ile chupa tupu ya maji bado kaishika kwapani.