Jelatini ya unga isiyo na ladha kwa shoti za jeli za kokteli: uzoefu wangu

Jelatini hii ni ya unga, haina rangi, sukari wala ladha, na huja kwenye vipakiti vya gramu 7. Nimeitumia sana kutengeneza shoti za jeli, yaani vijeli vidogo vyenye pombe vya kumeza mara moja, kwa ajili ya sherehe za majira ya joto, na naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya maelezo ya kwenye pakiti, nayo nitayafikia.

Zile jeli za boksi zenye rangi kila mtu anazijua. Ni rahisi: maji moto, pombe, friji, basi. Shida ni kwamba ule unga umeshajaa sukari, asidi na ladha ya kiwandani kabla hujatia chochote chako. Tia tekila, tia ramu, tia vodka, zote zinaishia kuwa pipi ya stroberi inayochoma koo. Kokteli nzuri inategemea ukali, uchachu na utamu vikae sawa, na jelatini tupu haiingilii vitu hivyo. Unachanganya kinywaji chako, unakionja kikiwa bado majimaji, unaongeza ndimu au shira mpaka kikae, halafu ndipo kigande. Margarita, ile kokteli ya tekila na ndimu, inabaki margarita. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kununua bidhaa hii, na sioni kama nitarudi kwenye boksi.

Unga wenyewe ni chembe ndogo za rangi ya manjano hafifu. Usiumwage wote mahali pamoja. Unyunyize polepole juu ya maji baridi yaliyoenea kwenye bakuli pana, uache dakika tano. Utaona chembe zinavimba moja moja na kuanza kung'aa, kisha zinashikana na kuwa tandiko zito lenye mikunjo juu ya maji. Hapo ndipo iko tayari kwa moto. Ukimwaga kwa fungu, nje hulowa na ndani hubaki unga mkavu, na yale mabonge hayayeyuki hata ukoroge vipi.

Moto uwe mdogo. Jelatini huyeyuka vizuri ikifika kama nyuzi 60 za Selsiasi, na ukiichemsha kwa muda unaipunguzia nguvu ya kushika. Ikiwa bado ya moto hutoa harufu kidogo ya supu ya mifupa, jambo la kawaida kwa kuwa hutengenezwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Harufu hiyo ilinitia wasiwasi mwanzoni, lakini ndimu ikishaingia na mchanganyiko ukapoa, haipo tena. Katika vodka na maji matupu ndipo utaisikia, na shoti ya vodka na maji sijui nani angeitaka.

Sasa lalamiko langu. Pakiti inasema kipakiti kimoja kinatosha vikombe viwili vya kimiminika, yaani karibu ml 475. Kwa kitindamlo cha kulia kijiko ni sawa kabisa. Kwa shoti inayotakiwa kutoka kwenye trei ikiwa na umbo lake, na yenye pombe na ndimu ndani, hiyo ni laini mno. Mimi naweka kipakiti kimoja kwa kila ml 240, na kwa kokteli chachu sana naongeza kidogo, maana asidi hudhoofisha mshiko. Hakuna neno hata moja kuhusu pombe kwenye pakiti. Wala hawaandiki kipimo cha Bloom, kile kipimo cha ugumu wa jelatini kilichopewa jina la Oscar Bloom, aliyesajili hataza ya kifaa chake mwaka 1925. Jelatini za sokoni zinatofautiana sana katika kipimo hicho. Bila namba hiyo, mtu anayebadilisha kutoka jelatini nyingine kuja hii hana njia ya kujua gramu zake zibaki zile zile au la. Mtengenezaji anaijua hiyo namba. Kuichapa kwenye pakiti kungemgharimu nini?

Margarita yangu iko hivi. Vipakiti viwili vinalowekwa kwenye ml 150 za maji baridi, vinayeyushwa kwa moto mdogo, kisha shira ml 50 inaingia. Natoa sufuria jikoni, naacha mvuke uishe, ndipo naongeza maji ya ndimu yaliyochujwa ml 80, tekila ml 150 na likeri (pombe tamu) ya machungwa ml 50. Pombe lazima ije mwisho, mchanganyiko ukiwa vuguvugu tu, kwa sababu pombe huchemka kwenye nyuzi 78 na hata kabla ya hapo huanza kupaa, ikiondoka na harufu nzuri ya tekila. Jumla ni ml 480, yaani shoti 16 za ml 30. Chumvi usiitie juu mapema, itavuta maji na uso utalowa. Nyunyiza chembe chache wakati trei inatoka kwenda kwa wageni.

Kama una subira, kamua ndimu zikiwa zimekatwa nusu, toa nyama yote ya ndani, weka maganda kwenye trei ya keki ndogo ili yasimame wima, yajaze mchanganyiko. Ukishaganda, kata kila nusu vipande viwili kwa kisu chenye makali kilicholowa maji. Unapata vipande vya ndimu vilivyojaa jeli badala ya nyama ya tunda, na mgeni anashika ganda bila kuhitaji kikombe. Hivi ndivyo vinavyoisha kwanza, kila mara.

Piña colada, kokteli ya ramu, nanasi na nazi, inataka tahadhari moja kubwa: nanasi bichi haligandi na jelatini. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachokata protini, na jelatini ni protini. Utasubiri usiku kucha upate juisi. Papai, kiwi, tini na tangawizi mbichi nazo zina vimeng'enya vya aina hiyo. Tumia nanasi la kopo, au chemsha juisi kwanza kisha ipoe, maana joto huua kimeng'enya. Tui zito la nazi nalo hupenda kupanda juu na kuacha tabaka jeupe. Binafsi tabaka hilo nalipenda, linapendeza kwenye kikombe kinachoonyesha. Asiyelitaka akoroge mpaka mchanganyiko uanze kuwa mzito, ndipo amimine.

Mojito, kokteli ya ramu, ndimu na mnanaa: loweka mnanaa kwenye shira ya moto, chuja, endelea kama kawaida. Jini na toniki nayo inakuja vizuri, ingawa gesi yote hupotea, ila toniki ina kwinini inayong'aa rangi ya samawati chini ya taa za urujuanimno, zile za zambarau za disko. Kama sherehe yako ni ya usiku, trei ya shoti zinazong'aa gizani ni kitu cha kuona.

Kuhusu nguvu niseme wazi, kwa sababu ni jambo linalonigusa. Ile margarita ya hapo juu, ukichukulia tekila na likeri zote ni asilimia 40, ina ml 80 za pombe halisi ndani ya ml 480, karibu asilimia 17. Kila shoti inabeba ml 5. Hiyo ni sawa na ml 100 za bia ya asilimia 5, kwa hiyo shoti tatu na ushei ni chupa ndogo ya bia ya ml 330. Tofauti ni kwamba bia hainywewi kwa kumeza mara tatu. Si jambo jipya: mhudumu wa baa wa Marekani, Jerry Thomas, aliweka jeli ya panchi kwenye kitabu chake cha mwaka 1862, na papo hapo akaonya kwamba jelatini huficha ukali wa pombe mpaka watu wanazidisha. Mimi huwaambia wageni hesabu hiyo ya shoti tatu kabla hawajaanza. Wala usiongeze pombe ukidhani utaboresha: ikizidi sana jelatini hushindwa kushika, inakuwa laini na yenye ukungu.

Kwenye friji huhitaji kama saa nne, na usiku mzima ni bora zaidi. Friza hapana. Barafu hupasua ule wavu unaoshikilia maji, na shoti zikiyeyuka zinavuja. Trei za silikoni hutoa maumbo safi ukizipaka mafuta yasiyo na harufu kwa kitambaa, kidogo mno, na ukiweka sinia gumu chini yake kabla ya kumimina, kwa kuwa huwezi kuinua silikoni iliyojaa bila kumwaga. Vikombe vidogo vya plastiki vyenye vifuniko havina uzuri huo, lakini vinapangika vizuri kwenye friji.

Joto ndilo adui mkubwa. Jelatini huyeyuka karibu na nyuzi 35, chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo maana inayeyuka ulimini kwa utamu ule ambao hakuna kitu kingine kinaupata. Sasa jua la mchana juu ya meza halina tofauti na mdomo. Toa chache chache, sinia lilale juu ya barafu, nyingine zibaki ndani. Kama hafla nzima iko nje mchana na hakuna friji karibu, nunua agari badala yake. Inatokana na mwani, haiyeyuki mpaka nyuzi 85 hivi, ila huvunjika badala ya kunyumbuka, na lazima uichemshe kabla ya kuongeza pombe.

Agari pia ndiyo jibu kwa wasiokula nyama. Na kama kuna wageni wasiokula nguruwe, soma pakiti kabla ya kununua: jelatini hutoka kwa nguruwe, ng'ombe au samaki, na baadhi ya pakiti huandika tu "jelatini" bila kueleza zaidi. Hii ninayotumia imeandika wazi kwamba ni ya ng'ombe, nami naishukuru kwa hilo. Kwa wasiokunywa, na kwa watoto, natengeneza sinia lao la ndimu na mnanaa bila tone la pombe, kwenye umbo tofauti kabisa na rangi tofauti, na za pombe zinabaki kwenye vikombe vyenye vifuniko, vimeandikwa kwa wino usiofutika, juu ya meza ambayo mtoto haifikii.