Mashine ya ultrasaundi ya pikosekunde: muda inausoma vizuri, unene jitafutie

Mashine hii inapima ukakamavu wa utando mwembamba sana kwa kutumia sauti, na inahesabu muda kwa pikosekunde, yaani sehemu za trilioni za sekunde. Kifaa cha kawaida cha ultrasaundi, kile cha kupaka jeli na kubandika kihisio juu ya chuma, hakifai kabisa kwa utando wa nanomita 100. Kwa MHz 10, wimbi ndani ya alumini lina urefu wa milimita 0.64 hivi, zaidi ya mara 6,000 ya unene wa utando wenyewe. Hapo ndipo mashine ya mipigo miwili ya leza inapohitajika. Mpigo wa pampu unaupasha utando moto ghafla na kuzaa wimbi la sauti. Mpigo wa proba unasoma jinsi uso unavyobadilika kuakisi mwanga pale mwangwi unaporudi. Mbinu hii ilianzia Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, miaka ya 1980. Tunayoitathmini hapa ni ile yenye reli ya kuchelewesha proba: vioo vinasogea juu ya reli na kurefusha njia ya mpigo huo.

Kwenye muda, mashine hii haina mpinzani wa karibu. Tungsteni ya nanomita 100 juu ya silikoni inatoa mwangwi baada ya pikosekunde 38, na kwa kuwa mwanga unakwenda na kurudi, reli inasogea milimita 5.7 tu. Mwangwi wenyewe ni mkubwa: mpaka wa tungsteni na silikoni unarudisha karibu 67% ya wimbi. Lakini weka alumini juu ya silikoni ile ile na kinachorudi ni kama 6%, kwa sababu ukinzani wa sauti (msongamano mara kasi ya sauti) wa viwili hivyo unakaribiana mno. Watu wanalaumu leza bure. Kama unachagua mwenyewe msingi, yaani kile kinachopakwa utando juu yake, alumini ipake juu ya kioo cha silika. Mwangwi unaongezeka zaidi ya maradufu.

Udhaifu mkubwa uko kwenye namba ya mwisho. Mashine inapima muda. Kasi ya sauti inatokana na unene unaouingiza wewe. Ukikosea unene kwa 2%, moduli, yaani kipimo cha ukakamavu, inakosea kwa 4%, maana kasi inapigwa kipeo cha pili. Pima unene na msongamano kwa mwakisiko wa eksirei, usitegemee kukadiria unene kwa muda wa mashine ya kupaka. Msongamano wa kitabuni nao ni mtego: utando uliopakwa kwa presha kubwa ya gesi mara nyingi una vinyweleo, hivyo ni mwepesi kuliko chuma kizima. Na usisahau tabaka la kugandishia, lile linaloushikiza utando kwenye msingi. Titani ya nanomita 5 inaweza kuchelewesha mwangwi kwa hadi pikosekunde 1.6, na kwenye 38 hiyo si ndogo hata kidogo.

Jambo linaloudhi zaidi ni programu zinazoandika "moduli ya Young" mahali ambapo zimekokotoa msongamano mara kasi kipeo cha pili. Hiyo ni moduli ya mgandamizo wa upande mmoja, ambapo pande nyingine haziruhusiwi kutanuka; kwenye ya Young ziko huru. Kwa tungsteni inatoka GPa 526, wakati ya Young ni takriban 411 ukitumia uwiano wa Poisson (jinsi kitu kinavyosinyaa pembeni kikivutwa) wa 0.28. Tofauti hiyo inatosha kuharibu ripoti nzima.

Katika matumizi, tatizo sugu ni reli. Isipolingana na mwale, doa la proba linahama kadiri reli inavyosogea, na mchoro unapata mteremko unaofanana na kupoa kwa utando. Weka kamera mahali pa sampuli, sogeza reli mwanzo hadi mwisho, rekebisha vioo mpaka doa litulie. Kisha lifanye doa la pampu kuwa pana kuliko la proba, tuseme mikromita 30 kwa 10, ili mhamo mdogo usikuumize.

Aina isiyo na reli, yenye leza mbili ambazo idadi ya mipigo yao kwa sekunde inatofautiana kidogo, inaondoa kero hiyo: kwa GHz 1 na tofauti ya kHz 10, dirisha lote la nanosekunde 1 linasomwa ndani ya mikrosekunde 100. Anayepima sampuli nyingi kila siku aichukue hiyo. Kwa mwingine yeyote reli inatosha, ila kabla ya kulipa dai uoneshwe data ghafi, na uhakikishe programu inakuruhusu kuingiza msongamano wako mwenyewe.