Chombo Kipi Ununue kwa Kuoteshea Machipukizi Nyumbani

Vyombo vya kuoteshea machipukizi ya kula vipo vya aina nyingi, lakini mimi huvipima kwa maswali mawili tu: je, maji yanachuruzika yote, na je, brashi inafika kila pembe? Mbegu zikiachwa kwenye dimbwi, hata la kijiko kimoja, huvunda kabla hazijaota vizuri.

Nafasi ya kwanza naipa chupa ya kioo ya lita moja yenye mdomo mpana na kifuniko cha wavu wa chuma kisichoshika kutu. Ukishaloweka choroko kwa saa 8 hadi 12, unamwaga maji na kuiegemeza chupa ndani ya bakuli, mdomo ukielekea chini, kisha unazisuuza mara 2 au 3 kwa siku. Uzuri wa kioo ni kwamba hakikufichi kitu: unaona ganda la kijani likipasuka na kimzizi cheupe kikichungulia, na kati ya siku ya 3 na ya 5 choroko huwa tayari. Wengi huzitupa wanapoona manyoya meupe kwenye mizizi, nami nasikitika kila ninaposikia hivyo, kwa sababu mara nyingi hivyo ni vinyweleo tu, ambavyo hulala zikisuuzwa, ilhali ukungu hutanda kama utando wa buibui na kunuka.

Trei za kupandanisha zinashika nafasi ya pili, nazo zinamfaa anayeotesha mbegu za aina kadhaa kwa pamoja, mradi matundu yake yasiwe mapana kuliko mbegu. Mfuko wa kitani ni wa tatu. Unachuja maji vizuri mno na unafaa kwa adesi, lakini mizizi ya mbegu ndogo hujisokota kwenye nyuzi, na lazima uchemshwe kila baada ya matumizi.

Mashine ya umeme inayojinyunyizia maji naiweka mwisho, ingawa ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote, kwa kuwa nyingi huyazungusha maji yaleyale na mabomba yake hayafikiki kwa brashi.

Hata hivyo, mbegu zina uzito kuliko chombo. Nunua zilizokusudiwa kuliwa, kamwe si za kupanda zilizotiwa dawa. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, bakteria wa E. koli waliokuwa kwenye machipukizi waliua watu zaidi ya 50, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mbegu za uwatu. Kwa kuwa bakteria wa aina hiyo hakuna chombo kinachowaondoa, wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wale machipukizi yaliyopikwa. Maharage mekundu yasiliwe mabichi hata yakiota, kwani yana sumu.

Anza na pakiti ndogo: vijiko 2 vikubwa vya alfalfa, mbegu ndogo sana za jamii ya kunde, hutosha kujaza chupa hiyo ya lita moja.