Kibanda umiza cha Mabatini: pa kuwatazamia wasichana wetu

Tangu mwaka 2022 nimekuwa mteja wa kibanda umiza kimoja, yaani banda la kutazamia mpira kwenye runinga kwa kiingilio, kilichopo Mabatini, jijini Mwanza, na ninakiandikia tathmini hii kwa sababu moja kubwa: ndicho kibanda cha kwanza nilichokijua ambacho mechi ya wasichana haiondolewi kwenye runinga eti kwa kuwa mteja mmoja ameingia akiiulizia Arsenal. Hakina jina lililopakwa ukutani. Kina ubao mweusi mlangoni, na kila Jumatatu mwenye kibanda huandika kwa chaki mechi za juma zima, za wanaume na za wanawake katika orodha ileile, kiingilio kikiwa shilingi 500 kwa mechi yoyote.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari, na mpira wa wasichana niliuanza kuufuata chini kabisa, kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ambayo huanzia shuleni, ikapanda wilayani na mkoani, hadi timu za mikoa zinapokutana kitaifa, kama ilivyokuwa Tabora mwaka 2022. Huku chini ndiko mtazamaji anakoonja raha ya kumtambua mchezaji kabla watu hawajamjua. Waliomwona mshambuliaji Aisha Masaka akiwa bado kwenye timu ya Alliance Girls ya hapahapa Mwanza, kabla ya Yanga Princess, kabla ya BK Häcken ya Uswidi mwaka 2022 na Brighton ya Uingereza mwaka 2024, wanaelewa ninachosema. Lakini mchezaji akishaondoka mkoani, mwalimu mwenye mshahara wangu hawezi kumfuata kwa basi; anahitaji king'amuzi, na asiyemudu kukilipia kila mwezi anahitaji kibanda.

Kilichonifanya nikiamini kibanda hiki ni siku ya tarehe 15 Oktoba 2022. Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana wa chini ya umri wa miaka 17, ilikuwa India kwenye Kombe la Dunia, ikiwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kufika fainali za FIFA za rika lolote, na siku tatu kabla ilikuwa imefungwa na Japani mabao 4-0. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na anayevijua vibanda anajua kwamba Jumamosi ndiyo siku ya mavuno, kwa sababu Ligi Kuu ya Uingereza huanza mchana na kuendelea hadi usiku. Vijana kama kumi na watano walikuja na hela zao mkononi wakitaka runinga ihamishwe. Mwenye kibanda alinyoosha kidole kwenye ubao, akasema, "Ubao umeandika Tanzania na Ufaransa. Anayetaka kingine, arudi baadaye." Wengine waliondoka wakilalamika. Waliobaki walimwona Diana Mnali akifunga bao la kwanza, kisha Christer Bahera akaongeza la pili kwa mkwaju wa penalti, na Ufaransa ilipopata bao lake moja, benchi zote zilikuwa zimeachwa wazi kwa kuwa hakuna aliyeweza kuketi. Mechi iliisha 2-1. Baadhi ya wale walioondoka walirudi wakiomba kuona marudio, na walitozwa kiingilio upya, jambo ambalo binafsi nililiona la haki kabisa.

Baada ya sare ya 1-1 na Kanada tulifika robo fainali dhidi ya Kolombia, na hapo ndipo kasoro kubwa ya huduma hii ilipojitokeza. Umeme ulikatika mechi ikiendelea, na jenereta, ambayo mwenye kibanda alikuwa ametuhakikishia kuwa ni nzima, ilikataa kuwaka kwa muda ulionitosha kutoka nje, kununua mihogo ya kukaanga na kuimaliza. Kolombia ilishinda 3-0, kwa hiyo labda tuliepushwa na maumivu fulani, lakini mwenye kibanda hakurudisha fedha za mtu yeyote. Nilimwambia wazi kwamba kaka yangu, hilo si sawa. Tangu hapo huiwasha jenereta kuijaribu kabla ya kila mechi kubwa, na Julai 2025, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokuwa Moroko kwenye fainali za Mataifa ya Afrika kwa wanawake, fainali ambazo walikuwa hawajazicheza tangu mwaka 2010, hatukupoteza hata dakika moja. Bao la Opa Clement dhidi ya Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, tuliliona lote, pamoja na sare ya 1-1 iliyofuata.

Kuhusu mahali penyewe, jina la kibanda umiza halidanganyi: benchi ni za mbao zisizo na egemeo, paa ni la bati, na mechi ya mchana huangaliwa kwa jasho. Choo ni cha jirani na huombwa kwa adabu. Hata hivyo, benchi mbili za mbele, upande wa mlango, zimetengwa kwa akina dada na wanafunzi wa kike, na mke wa mwenye kibanda, ambaye huuza chai ya tangawizi pale pale mlangoni, hamruhusu mlevi kuzikaribia. Nimewahi kuwaleta wachezaji wangu tisa wakiwa na sare za shule kutazama mechi ya Ligi Kuu ya Wanawake kati ya Simba Queens na JKT Queens, wakatozwa nusu ya kiingilio, na hakuna aliyewatolea neno baya. Kwa vibanda nilivyovizoea, hilo ni jambo kubwa kuliko ukubwa wa runinga.

Upungufu unaobaki si wa kibanda peke yake. Kombe la Dunia linaonekana, Mataifa ya Afrika yanaonekana, ligi yetu inaonekana. Mechi ya shule mbili za wilaya yetu ya Nyamagana, ambako safari yote huanzia, haionekani popote isipokuwa uwanjani. Nilimuuliza mwenye kibanda kama ubao wake unaweza kubeba hata mechi asizoweza kuzionyesha. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuitangaza biashara ya mwenzake, akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe unataka kunifukuzia wateja." Jumatatu iliyofuata, chini ya mechi zote za juma, kulikuwa na mstari mmoja zaidi wa chaki: "Alhamisi, wasichana wa sekondari, saa kumi jioni, uwanja wa shule, bure."