HP ProBook 470 G5 ya inchi 17.3: kwa nini niliacha mashine ndogo nikachukua kubwa

Kazi yangu ni kuandaa BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na gharama za jengo, nikiwa chini ya mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na zaidi baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, ukipita Nzuguni, Iyumbu au Ihumwa kila uchochoro una rundo la mchanga na kokoto. Wateja wetu ni wakandarasi wadogo, na watumishi wanaojenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo. Wanataka kujua mapema nondo ngapi, mabati mangapi na mifuko mingapi ya saruji. Majibu hayo yanatoka kwenye kioo cha kompyuta, kwa hiyo kioo kwangu ndicho kifaa cha kazi kabla ya kitu kingine chochote kilichomo ndani ya mashine.

Nilipoingia kununua, katika moja ya maduka yaliyo kati ya Jamatini na Nyerere Square, kaka aliyekuwa kaunta alinivuta moja kwa moja kwenye mashine nyembamba za inchi 13 na 14. Ndizo zinazotoka sana. Nilipomwonyesha ProBook 470 G5 iliyokuwa rafu ya chini akashangaa.

"Dada yangu, hiyo utaibeba vipi kwenye bodaboda?"

"Haipandi bodaboda kaka. Inakaa mezani."

Jibu hilo nililifikiria nyumbani kabla sijatoka. Niliorodhesha mahali ninapofungua kompyuta kwa kawaida: meza ya ofisini, na meza ya nyumbani usiku kazi ikizidi. Saiti naenda na tepu, daftari na simu. Hakuna mtu anayekaa juu ya msingi wa nyumba kule Mtumba, jua linachoma na upepo unarusha vumbi jekundu, akafungua Excel. Basi wepesi ninaouziwa ungenifaa wapi?

Mashine ndogo naijua vizuri. Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma na anatumia HP EliteBook 840 G5 ya inchi 14, na nimewahi kuifanyia kazi zangu mara nyingi. Ulinganisho huu una haki kwa sababu mashine hizi mbili ni za umri mmoja, na zote mbili tulizonazo zina prosesa (ubongo wa kompyuta) ileile, Core i5-8250U ya kizazi cha 8. Kwa kazi za BOQ sioni tofauti yoyote ya kasi. Kinachobaki kupima ni ukubwa.

Tuanze na vipimo, maana ndio kazi yangu. Kioo cha inchi 17.3 hupimwa kwa mshazari. Ukikipima kwa rula unapata upana wa sentimita 38.3 na urefu wa sentimita 21.5. Cha inchi 14 cha umbo hilohilo ni sentimita 31 kwa 17.4. Ukizidisha, kikubwa kina eneo mara moja na nusu ya kidogo. Karatasi ya A4 iliyolazwa ni sentimita 29.7 kwa 21. Maana yake ni kwamba kwenye ProBook hii, ukijaza kioo chote, A4 iliyolazwa inakaa kwa ukubwa wake halisi na nafasi inabaki pembeni. Kwenye inchi 14 haitoshi.

Lakini ramani nyingi ninazopokea si A4, ni A3, sentimita 42 kwa 29.7. Ukurasa mzima wa A3 kwenye kioo changu unashuka hadi kama asilimia 72 ya ukubwa wake. Kwenye inchi 14 unashuka hadi kama asilimia 59. Mchoraji akiwa ameandika vipimo kwa herufi za milimita 2.5, mimi nazisoma kwa milimita 1.8, na mdogo wangu angezisoma kwa milimita 1.5. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Saa kumi jioni, ukiwa umeshapitia ramani ya msingi, ya kuta na ya paa, ni tofauti kati ya kusoma na kukisia.

Na kukisia kuna bei. Ramani zetu zinaandikwa kwa milimita. Mtu akiona 3000 mahali palipoandikwa 3600, amepunguza ukuta kwa sentimita 60. Ukuta ukiwa na kimo cha mita tatu, zimepotea mita za mraba 1.8, na kwa tofali za kawaida za saruji, ambazo mita moja ya mraba inakula kama kumi, hapo kuna upungufu wa tofali kama 18, pamoja na mchanga, saruji na plasta za pande zote mbili. Huo ni ukuta mmoja. Mwenye nyumba atagundua upungufu huo fundi akishasimama anasubiri. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kioo kikubwa ni anasa ya kuangalia filamu.

Sasa kuna jambo wauzaji hawalielezi, na linawachanganya wengi. Mashine zote mbili zina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1920 kwa 1080. Kwa hesabu hiyo mtu atasema zinaonyesha kitu kilekile, na kweli kwenye karatasi ya maelezo hazitofautiani. Ila kwenye inchi 14 herufi zinakuwa ndogo mno, kwa hiyo Windows inazikuza, mara nyingi hadi asilimia 150. Ukikuza hadi asilimia 150, nafasi ya kazi inakuwa sawa na ya kioo cha pikseli 1280 kwa 720. Mistari ya Excel inapungua, safu ya jumla inatoka nje ya kioo, unaanza kusogeza kulia na kushoto ukitafuta bei uliyoiandika sasa hivi. Kwenye 17.3 mimi nimeacha asilimia 100 na nasoma bila kuinama. Ramani inakaa kushoto, jedwali kulia: maelezo, kipimo, kiasi, bei, jumla. Vyote vinaonekana kwa pamoja. Vivyo hivyo mkandarasi anapojaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023: mfumo unakuwa upande huu na BOQ upande ule, na bei zinahamishwa huku unaziona zote.

Hapohapo niwape tahadhari. ProBook 470 G5 ziko za aina mbili za kioo. Mbali na hiyo ya 1920 kwa 1080, kuna yenye pikseli 1600 kwa 900, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Hiyo ya pili ina pikseli pungufu kwa kama asilimia 30, na kwenye kioo kikubwa hivi mistari myembamba ya ramani inaonekana imekatikakatika. Fungua mipangilio ya kioo palepale dukani uone namba kabla hujatoa hela.

Kitu cha pili kilichonifanya niipende, na nakisema kwa moyo wote, ni vibonye vya namba upande wa kulia wa kibodi. Mashine za inchi 14 kwa kawaida hazina, upana hauruhusu. Anayeandika barua hatajali. Lakini BOQ ya nyumba ya kawaida ina mamia ya namba, na mkono wa kulia ukishazoea vibonye vile hauhitaji tena kusaidiwa na macho. Macho yanabaki kwenye ramani. Mhasibu, karani wa saccos, mtu wa takwimu, yeyote anayekula namba kutwa, aanze kuangalia hapa kabla hajauliza kitu kingine.

Matundu ya pembeni nayo yananifaa. Ina HDMI na pia VGA, lile tundu la zamani la pini 15. Vijana watasema limepitwa na wakati. Nenda ofisi ya kata au ukumbi wa shule ukaangalie projekta iliyopo ni ya waya gani. Ina tundu la waya wa intaneti, USB za kutosha, na ndani ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 mbali na SSD (hifadhi ya kasi), kwa hiyo ramani za miaka yote nimezihifadhi humohumo.

Wengi huniuliza kwa nini nisingenunua ndogo halafu nikaongeza monita ya mezani. Kwa mtu mwenye ofisi yenye umeme wa uhakika na betri ya akiba, hilo ni wazo zuri, na monita ya inchi 22 au 24 iliyotumika inapatikana mjini kwa bei inayovumilika. Ila monita haina betri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kioo chako kikubwa kinazima na unarudi kwenye kile kidogo ulichokuwa unakikimbia, tena saa ambayo mteja yuko nje anasubiri. Mashine yangu inaendelea kama kawaida. Pia chumba changu cha kazi nyumbani kina meza ndogo inayotumika na watoto kwa masomo. Kompyuta naifunga na kuiweka kabatini. Monita ingekaa wapi?

Sasa mabaya yake, maana yapo. Uzito wake unaanzia kilo 2.5, wakati EliteBook 840 G5 inaanzia kilo 1.48. Hiyo kilo moja unaisikia begani ukitembea kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani na chaja ndani ya begi. Mabegi mengi yanayouzwa mjini ni ya inchi 15.6 na mashine hii haiingii. Ina upana wa kama sentimita 41. Tafuta begi lililoandikwa 17.3, ulijaribu na mashine yenyewe, zipu ifungwe mpaka mwisho. Ndani ya basi haifai kabisa. Ukiikunja ili isigonge kiti cha mbele huoni kitu, na kiwiko kinamsumbua jirani. Nikisafiri kwenda Dar, iwe kwa basi au kwa treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024, naiacha nyumbani na kuazima ya mdogo wangu.

Betri ni ya wati-saa 48 (Wh), na kioo kikubwa kinakula zaidi. Nami nimenunua iliyotumika, kwa hiyo betri ilishachoka kiasi kama betri yoyote ya umri huo: napata kama saa tatu za kazi, na inanitosha kuvuka mkatiko wa kawaida wa umeme. Kabla hujalipa, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Itakuandikia ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaofikia sasa ikijaa. Namba ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, punguziwa bei au ubadilishiwe betri. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwomba, na wa kwangu aliniachia nikae nayo kaunta mpaka nikaridhika.

Angalia na kizazi cha prosesa. Mashine kubwa za zamani za kizazi cha 6 na 7 zinauzwa kwa bei tamu, lakini Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanza kuzikubali rasmi kompyuta za kizazi cha 8, ukiacha chache mno. Kwa mtu anayehifadhi bei za zabuni za watu humo ndani, usalama huo si wa kuruka.

Mimi nilitoa shilingi 820,000 ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD ya GB 256. EliteBook ya hali hiyohiyo iliyokuwa rafu ya juu ilikuwa 680,000. Nililipa tofauti hiyo bila kusita, na baadaye nikaongeza RAM ifike 16 kwa sababu ramani nzito zikifunguliwa pamoja na Excel na kivinjari, 8 inapumua kwa shida. Kuongeza ni rahisi, ina nafasi mbili.

Mdogo wangu simshauri aichukue. Pale UDOM vitivo vimetawanyika vilimani, anatoka bweni hadi darasani hadi maktaba, kutwa nzima begi liko mgongoni. Inchi 14 ndiyo size yake. Vivyo hivyo mwandishi wa habari anayekimbia kati ya Bunge na ofisi za Serikali kule Mtumba, au afisa ugani anayezunguka vijiji vya Bahi na Chamwino. Hao mashine yao inafunguliwa kila mahali, na kilo moja kwao ni kubwa.

Kama bado uko katikati, weka kwenye flashi ramani moja ya A3 na jedwali lako halisi la Excel, uende navyo dukani. Omba kiti, maana ukiwa umesimama kaunta unaangalia kioo kwa karibu kuliko utakavyoangalia ukiwa kazini. Kaa kwa umbali wako wa kawaida, fungua vyote viwili kwa pamoja kwenye mashine kubwa kisha kwenye ndogo, usome vipimo vya vyumba vyote kwa sauti bila kukuza ukurasa.