Kinasa sauti cha Sony ICD-PX470 kwenye tathmini ya mradi uliokwisha

Kisima kikikabidhiwa Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, wanaohojiwa ni mafundi, kamati ya maji na msimamizi, na yote huishia kwenye daftari la mtu mmoja. Fundi anaeleza kwamba pampu ilishushwa kabla upimaji wa wingi wa maji haujaisha, kwa sababu gari lilitakiwa kijiji kingine jioni ile. Daftari linaandika "changamoto za vifaa". Ile "kwa sababu" ndiyo iliyofuatwa, na ndiyo iliyopotea.

Hapo kifaa hiki kinaishinda simu. Hakikatizwi na mtu anayepiga, kinatumia betri mbili za AAA zinazopatikana hata duka la kijijini, na USB yake inachomoza yenyewe bila waya. Ndani kina GB 4. Kwa MP3 ya kbps 128 zinaingia kama saa 59. Kinapokea pia kadi ya microSD hadi GB 32. Kadi bandia ni nyingi, ijaribu kwanza kwa kuijaza yote.

Adui wake ni upepo, na Dodoma wakati wa kiangazi unajulikana. Chini ya mti maikrofoni za ndani zinavuma tu. Zivalishe sifongo au chomeka maikrofoni ya nje kwenye tundu la mm 3.5. Kisikae juu ya mbao tupu, kila kikombe kitagonga masikioni mwa msikilizaji; kunja kitenge, kiweke juu yake. Wakizidi watu wanane, wa pembeni hawasikiki vizuri. Weka saa sahihi kabla ya kuanza, maana faili hujiita kwa tarehe na saa.

Kuhoji bado ni kazi ya mtu. Maswali manne yaliyotoka kwenye jeshi la Marekani miaka ya 1970 yanatosha: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini vikatofautiana, na safari ijayo tubaki na nini, tubadili nini. Timu nyingi hukimbilia la nne. Nusu ya muda iende kwa la tatu, lakini msianze na "kwa nini", linasikika kama kesi. Anzeni na "ukafika, ukafanya nini? Halafu?" Vibarua wahojiwe kwanza, tena bila msimamizi; akishakaa pale, wote watasema kazi ilikwenda vizuri. Ombeni ruhusa ya kurekodi, kifaa kikae wazi, na mtu akisema zima, kizimwe.

Wazee waachwe waongee Kigogo. Wakibanwa kwenye Kiswahili wanafupisha, na kinachokatwa ni maelezo yenyewe. Kifaa kinaweza kupunguza kasi ya kusikiliza bila kuharibu sauti, msaada mkubwa kwa anayetafsiri.

Jioni hiyohiyo nakili faili sehemu mbili, na uzipe jina la kundi, siyo la mtu.