Kliniki ya nywele iliyonianika mbele ya wateja

Nina umri wa miaka 23, na nywele za upande wangu wa kushoto, kuanzia juu ya sikio hadi kwenye paji la uso, zimenyonyoka kiasi kwamba ngozi inaonekana hata nikizichana kuelekea mbele, ilhali upande wa kulia bado zimejaa. Tatizo hilo ndilo lililonipeleka katika kliniki moja ya nywele hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, inayojitangaza mno kwa picha za kabla na baada.

Mhudumu aliyenipokea hakunipeleka faragha. Alinivua mtandio palepale mapokezi, wateja wengine wakiwa wamekaa wanasubiri, akanipiga picha kwa simu yake bila kuniomba ruhusa, kisha akamwita mwenzake kwa sauti: "Shoga, hebu njoo umwone huyu dada, mdogo hivi na kipara kama cha bibi!" Wote waligeuka kunitazama. Nilipomwomba tuzungumze pembeni, alinijibu kwamba aibu haioteshi nywele.

Kilichoniudhi kuliko hata kejeli hiyo ni kwamba hakuniuliza swali lolote la maana. Hakutaka kujua hali ilianza lini, nasuka mitindo gani, kama niliugua karibuni, wala kwa nini nywele ziondoke upande mmoja tu. Alichota mafuta kwenye kopo lisilo na lebo wala orodha ya viambato, na yaliponiwasha hadi machozi yakanitoka, akasema, "Ukitaka uzuri sharti udhurike, dada yangu." Maneno hayohayo nimeambiwa na wasusi tangu utotoni, rasta zikivutwa mpaka vipele vinanitoka pembezoni mwa uso.

Kwa haki niseme kwamba binti aliyeniosha kichwa alikuwa mpole na mwenye adabu, na wiki kadhaa baadaye niliona vinywele vikichomoza, nikakusudia kuwasifu pamoja na yote yaliyotokea. Sifa hiyo naiondoa. Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alinichunguza kwa lenzi yenye taa, akanionyesha kwenye kioo mstari wa vinywele vyembamba vilivyobaki ukingoni kabisa mwa paji, na nyuma yake ngozi tupu. Akaeleza kwamba mstari huo ni dalili inayojulikana ya nywele kuvutwa kwa muda mrefu. Hayakuwa mapunye, wala yale mabaka ya mviringo yanayotokea kinga ya mwili inaposhambulia mizizi ya nywele. Akaniuliza rasta zangu huzifunga upande gani. Nilipomjibu kwamba huzikusanya fundo upande wa kulia, alinionyesha kwa kidole jinsi mzigo wote unavyoning'inia kwenye nywele za kushoto. Aliagiza pia vipimo vya damu vya madini ya chuma na vya tezi ya shingo, akanieleza kuwa nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na kwamba vile vinywele vilikuwa vimerudi kwa sababu nilikuwa nimefumua rasta, si kwa sababu ya kopo la mtu yeyote.

Hapo ndipo hasira iliponipanda upya, maana siku ile kliniki ilinishauri nisukwe kwao, rasta ndefu za kubana, ili kuliziba pengo huku nikiendelea na mafuta yao ya miezi sita niliyokwisha kuyalipia! Nywele zikivutwa miaka na miaka mizizi hufa na kuacha kovu, na baada ya hapo hakuna mafuta yatakayoziotesha. Watu wanaojiita wataalamu wa nywele walitaka kunirudisha kwenye chanzo kilekile cha maradhi yangu, kwa malipo.

Nimewaandikia nikidai fedha zangu na kutaka picha yangu ifutwe. Walichonijibu ni kwamba mafuta yakishafunguliwa hayarudishwi. Kuhusu picha hawakutamka neno.